Marakuja ya lupangoni: jua mmea ulionao, kisha uukinge na virusi

Jani changa la marakuja likikunjamana na kuota mabaka ya kijani hafifu juu ya kijani kibichi, mwenye shamba hapa Kamina hupewa mashauri mawili. Muuza dawa humwambia apulize. Jirani humwambia udongo umechoka, atie mbolea. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Huo ni ugonjwa wa virusi, na virusi vya mimea havina dawa: hakuna chupa dukani, iwe Kamina, Lubumbashi au Nairobi, inayoponya mmea ulioambukizwa. Nguvu yako imebaki mahali pawili tu, kwenye mche unaouingiza shambani na kwenye siku unayouona mmea wa kwanza mgonjwa.

Jambo moja litangulie ili mtu asiogope bure. Virusi hivi ni vya mimea. Mtoto akila tunda la mmea mgonjwa hadhuriki. Atasikitika tu kwamba juisi ni kidogo.

Kwa nini uanze kwa kujua aina

Kuna sababu tatu. Ya kwanza ni mwinuko. Kamina iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa tabia mbili: marakuja ya zambarau hupenda baridi ya milimani, kama Kivu, na ya njano hupenda joto la mabonde. Hapa zote mbili huota, ila si kwa nguvu sawa. Ya pili ni uchavushaji. Mmea mmoja wa zambarau huzaa peke yake, lakini wa njano hauwezi, unahitaji chavua ya mmea mwingine. Watu wengi wameng'oa marakuja ya njano wakidhani ni tasa, kumbe yalikosa wenzake tu. Ya tatu ni virusi vyenyewe: ndugu wa porini wa marakuja, wanaojiotea kando ya njia, hubeba virusi vilevile mwaka mzima. Usipowatambua utawaacha kwenye ua wako.

Jinsi ya kutambua: fuata mpangilio huu

1. Pitisha vidole kwenye shina. Likiwa la mviringo, endelea. Likiwa na pembe nne zenye kingo zilizochomoza kama mabawa, hiyo ni barbadini.
2. Tazama jani lililokomaa. Usitumie jani la mche, kwa sababu majani ya kwanza ya marakuja ni mazima na huwadanganya wengi. Jani kubwa la marakuja ya kawaida hugawanyika ndimi tatu na lina meno pembeni.
3. Tazama kikono, yaani ule uzi unaojisokota na kushika waya. Kikono na ncha changa zenye wekundu au uzambarau huelekeza kwenye aina ya njano. Vikono vya kijani kitupu huelekeza kwenye aina ya zambarau.
4. Angalia saa ambayo ua linafunguka. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufumba karibu na saa sita mchana. Ua la njano hufunguka karibu na saa sita mchana na kufumba saa tatu au nne usiku.
5. Pasua tunda lililoiva. Mbegu nyeusi ni za zambarau, mbegu za kahawia ni za njano.

Rangi ya ganda nimeiacha makusudi. Kuna machotara ya zambarau na njano, na chotara huweza kuwa na ganda jekundu, kikono chenye wekundu na mbegu ambayo huwezi kuamua ni nyeusi au kahawia. Dalili zikigongana, uhesabu mmea wako kuwa chotara na uutunze kama wa njano: upe mwenzake.

SANDUKU: NDUGU UTAKAOKUTANA NAO

*Zambarau.* Tunda la mviringo la sentimita 4 hadi 5, lenye harufu kali na utamu mwingi. Mizizi yake huuawa kirahisi na kuvu wa mnyauko, Fusarium.

*Njano.* Tunda la sentimita 6 hadi 7, juisi nyingi zaidi na ukali zaidi. Huvumilia mnyauko na minyoo ya mizizi. Kwa mwinuko wa Kamina ndiyo ningeichagua kwanza.

*Barbadini.* Shina la pembe nne, jani pana zima lisilo na ndimi, tunda kubwa la urefu wa sentimita 20 au zaidi. Hupenda joto na unyevu.

*Granadila tamu.* Jani lenye umbo la moyo, ganda gumu la rangi ya chungwa, nyama tamu isiyo na ukali. Ni mmea wa milimani. Ukiotesha mbegu yake Kamina, tarajia majani kuliko matunda.

*Marakuja ya bluu.* Jani la vidole vitano, ua jeupe lenye nyuzi za bluu. Hupandwa kwa urembo. Tunda lake bichi na majani yake visiliwe.

*Marakuja ya porini yenye kunuka (Passiflora foetida).* Mmea mdogo wenye manyoya na harufu mbaya jani likipondwa. Tunda lake dogo limefunikwa na wavu wa nyuzi zinazonata. Hifadhi ya virusi. Ing'oe.

ONYO: Katika misitu ya Kongo kuna mitambazi ya ukoo huohuo, ya kundi la Adenia, yenye vikono kama marakuja. Maua yake ni madogo ya kijani, hayana taji kubwa la nyuzi, na tunda likiiva hupasuka vipande vitatu. Baadhi yake ina sumu na watu huitumia kuulia samaki. Usionje tunda la mtambazi wa porini usioujua kwa sababu tu linafanana na marakuja changa.

Virusi vinasafirije?

Ugonjwa mkuu wa marakuja duniani ni ule unaofanya tunda kuwa gumu kama mti. Wakulima wa Australia wanaujua tangu mwanzo wa karne ya 20. Afrika Mashariki pia umeenea. Mwaka 2012 watafiti wa Uganda walichapisha maelezo ya virusi vinavyousababisha kwao, na vikaitwa virusi vya Passiflora vya Uganda. Huko Kenya na Brazili vimepatikana virusi vya jamii hiyohiyo ambavyo huishi pia kwenye kunde, na hili la kunde ulishike, tutalirudia.

Mbebaji ni kidukari, yule mdudu mdogo laini anayejazana kwenye ncha za kunde na maharagi. Kidukari mwenye mabawa hutua kwenye jani la marakuja, huchoma mara moja kuonja, huona hakimpendezi, huruka kwenda jani lingine. Kuonja huko huchukua sekunde tu, na sekunde hizo zinatosha kuchukua virusi au kuviacha. Hapo utaelewa mambo mawili yanayowatatiza wakulima. Kwanza, unaweza kukagua marakuja yako wiki nzima usione kidukari hata mmoja, na bado mimea ikaambukizwa, kwa sababu waliopita hawakukaa. Pili, dawa ya wadudu haisaidii: kidukari atakufa baada ya kuchoma, na ulichokuwa unakizuia kimeshatokea. Fedha hiyo nunulia waya.

Kuna uzuri kidogo ndani ya habari hii. Virusi hivi havikai mdomoni mwa kidukari kwa muda mrefu. Akichoma mimea miwili mitatu ya aina nyingine, mdomo husafika. Ndiyo maana safari fupi, kutoka mmea mgonjwa hadi jirani yake, ndiyo ya hatari katika safari za mdudu. Safari ndefu hufanywa na binadamu. Kamina ni njia panda ya reli: mche unaweza kufika kutoka upande wa Lubumbashi, wa Kananga au wa Kabalo kwa treni ileile iliyobeba magunia ya mahindi, na ukawa umeshaambukizwa kabla hujaushika.

Njia ya tatu ni kisu. Utomvu unaobaki kwenye kisu cha kupogolea au kuunganishia hupeleka virusi moja kwa moja kwenye jeraha la mmea unaofuata.

Mbegu haimo katika orodha. Virusi vya ugonjwa huu havijulikani kupita kwenye mbegu ya marakuja, na hiyo ndiyo bahati kubwa ya mkulima mdogo: anaweza kuanza safi kwa gharama ya tunda moja la sokoni.

Wengi wetu tumezoea mozaiki ya mihogo, na huchanganya. Ile ni ya virusi vingine, huletwa na nzi weupe, na haihamii kwenye marakuja. Mihogo na sombe kando ya marakuja si kosa.

Ni virusi kweli?

Dalili za virusi: mabaka ya kijani cha aina mbili yasiyo na mpangilio, jani changa lililovimba vipele na kupinda, ncha zinazodumaa, matunda madogo, yaliyopinda, yenye ganda nene gumu na nyama kidogo. Upande mmoja wa jani haufanani na mwingine.

Kabla ya kung'oa, ondoa kwanza matatizo yanayofanana na virusi:

- Majani ya zamani, yale ya chini, yanageuka njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, pande zote sawa. Huo ni upungufu wa chakula, mara nyingi magnesiamu. Virusi huanza juu, kwenye majani machanga.
- Mmea mzima unanyauka kwa siku chache. Chana shina karibu na ardhi: ukikuta ndani pana rangi ya kahawia, ni mnyauko wa Fusarium.
- Madoa ya kahawia yenye duara, makavu katikati. Ni kuvu.
- Tunda lina kovu dogo na limebonyea mahali pamoja tu. Ni nzi wa matunda.
- Ncha zimekunjamana baada ya jirani kupuliza dawa ya magugu. Subiri. Majani mapya yakitoka safi, haikuwa virusi.

Ukiwa na shaka, funga kamba nyekundu kwenye mmea na uurudie baada ya wiki tatu. Lakini zingatia majira. Dalili za virusi huonekana sana wakati wa baridi na hufifia joto likirudi. Hapa Kamina ukaguzi wako mkubwa ni Juni na Julai, usiku wa kiangazi unapokuwa wa kujifunika. Mmea uliokuwa na mabaka Julai, ukatoa majani mazuri Oktoba, haujapona. Virusi vimo ndani, na kidukari atavichukua.

Siku unayouona mmea mgonjwa

1. Kagua kwanza mimea mizima yote, mgonjwa awe wa mwisho. Mikono yako isianzie kwake.
2. Kama kuna vidukari juu yake au kwenye magugu ya chini yake, puliza maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, usubiri kidogo. Hapa kupuliza kuna maana: hutaki wahamie kwa jirani ukiutikisa mmea.
3. Kama mmea umesimama peke yake, ung'oe na mizizi yake. Kama umesokotana na wenzake kwenye waya, usivute. Kuvuta huvunja majani na kupaka utomvu. Kata shina chini, acha ukauke juu ya waya, kisha ondoa mabaki.
4. Chimba kisiki. Chipukizi la kisiki kigonjwa ni gonjwa pia.
5. Choma ukishakauka.
6. Nawa mikono kwa sabuni. Kisu kioshe utomvu wote, kisha kitie ndani ya maji ya Javel: kikombe kimoja cha Javel kwa vikombe tisa vya maji, yaliyotengenezwa siku hiyohiyo. Suuza, kwa maana Javel hula chuma. Usiichanganye Javel na dawa nyingine yoyote ya kusafishia.
7. Pita kila wiki kwenye mimea ya jirani kwa mwezi mmoja na nusu. Ulioambukizwa pamoja na ule wa kwanza utachelewa kujionyesha.

Je, lazima kila mgonjwa ang'olewe? Mmea mmoja mkubwa uliojaa matunda, ulioambukizwa ukubwani, pasipo marakuja mengine karibu, ningeuacha uvunwe. Mmea mchanga ulioambukizwa kabla ya kuchanua hautalipa kamwe. Ung'oe bila huruma. Na kama zaidi ya nusu ya shamba imeugua, kung'oa mmoja mmoja ni kujichosha. Vuna kilichobaki, ondoa shamba zima, halafu ndipo upande upya.

Kosa linaloua miradi mingi ya marakuja ni kupanda miche mipya pembeni ya mimea mizee migonjwa, "ili tusikae bila matunda". Miche hiyo huambukizwa kabla haijaufikia waya. Katika jimbo la Santa Catarina, Brazili, wakulima wamewekewa kipindi ambacho marakuja yote ya zamani yaondolewe kabla ya kupanda mapya, na miche hulelewa ndani ya nyumba ya wavu mpaka iwe mirefu. Sisi hatuna sheria hiyo, lakini majirani wa barabara moja wanaweza kukubaliana. Uzio wa matete hauzuii kidukari wa jirani.

Kuanza safi: kalenda ya Kamina

*Julai.* Chagua matunda yaliyoiva kutoka mimea kadhaa mizima, si mmoja. Kwa aina ya njano hili ni la lazima: miche iliyokatwa kutoka mmea mmoja haiwezi kuchavushana. Acha nyama ya tunda ichachuke siku mbili au tatu, osha mbegu, zikaushe kivulini.

*Mwanzo wa Agosti.* Panda mbegu kina cha sentimita 1 ndani ya mifuko. Mbegu mbichi huota baada ya wiki mbili hadi nne. Funika kitalu kwa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Chandarua cha mbu kina matundu ambayo kidukari hupenya. Kilichochakaa, kikikunjwa mara mbili au tatu, husaidia kiasi. Kile kinacholaliwa kiachwe kitandani. Kitalu kisiwe karibu na kunde, maboga wala matango.

*Oktoba, mvua ikianza.* Panda mistari miwili au mitatu ya mahindi kuzunguka eneo lote la marakuja. Kidukari anayekuja kutoka nje atatua kwanza kwenye mahindi, atachoma, na virusi vitabaki humo ambamo haviwezi kufanya kitu. Mtama na majani ya tembo hufanya kazi hiyohiyo na husimama muda mrefu zaidi.

*Mwisho wa Novemba au Desemba.* Mahindi yakishapanda, hamisha miche yenye sentimita 40 au zaidi. Nafasi: mita 3 kati ya mimea, mita 2 kati ya mistari, nguzo za mita 2 juu ya ardhi na waya mgumu. Tupa mche wowote wenye jani la mashaka. Usiupe hata jirani.

*Baada ya hapo.* Matunda ya kwanza huja baada ya miezi 7 hadi 10. Kwa aina ya njano mchavushaji ni yule mdudu mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Mwachie magogo makavu karibu. Akikosekana, paka chavua kwa kidole mchana, kutoka ua la mmea mmoja hadi ua la mmea mwingine.

Kuhusu kuunganisha: Kenya huunganisha zambarau juu ya shina la chini la njano, na ni njia nzuri dhidi ya Fusarium. Haizuii virusi hata kidogo. Ukikata kikonyo kutoka mmea mgonjwa, umejitengenezea mgonjwa mwenye mizizi imara.

ORODHA YA KUBEBA UKIENDA KUNUNUA MICHE

☐ Nimeuona mmea mama, au angalau kitalu chenyewe.
☐ Nimeuliza: ni wa mbegu au wa kuunganishwa? Kama ni wa kuunganishwa, kisu husafishwa kwa kitu gani?
☐ Majani machanga hayana mabaka wala mikunjo, kwenye miche yote, hata nisiyonunua.
☐ Hakuna kunde, maboga wala marakuja ya porini kando ya kitalu.
☐ Kwa aina ya njano, miche inatoka mimea mama tofauti.
☐ Nikifika nyumbani nitaiweka mbali na marakuja yangu kwa wiki tatu kabla ya kupanda.

Anayehitaji jicho la pili apeleke tawi lenye jani changa, ndani ya mfuko uliofungwa, kwa agronomu wa teritwari au kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Kamina. Mmea mzima wenye udongo usiuzungushe mjini.

Swali linalobaki ni shimo lenyewe. Virusi havikai ardhini, kwa hiyo mmea uliong'olewa kwa sababu ya mabaka unaweza kurithiwa na mche safi palepale, ilimradi jirani zake wagonjwa wameondoka. Fusarium ni kinyume: hukaa kwenye udongo miaka mingi. Shimo ambalo mmea wa zambarau ulinyaukia, panda humo mahindi, au njano, au zambarau iliyounganishwa juu ya njano na alama ya muungano ikae juu ya ardhi, kiganja kizima, ili zambarau isitoe mizizi yake yenyewe.